Barua ya Onyo Kwenye Faili la Mama Enta

Leo Ijumaa, saa kumi jioni, mhudumu wetu wa ofisi atarudisha funguo zake kumi na moja, atatia saini ya mwisho kwenye kitabu cha mahudhurio na kustaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu ya miwani. Wengi wetu tunamwita Mama Enta. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu wake nilidhani ni shughuli ya asubuhi moja: unafungua faili, unachukua tarehe, unaongeza vichekesho viwili vitatu, basi. Jamani! Faili nimelifungua Jumanne, na hadi sasa sijalifunga.

Nianze na yale ambayo kila mtu anayajua. Aliajiriwa karakana ikiwa na chumba kimoja, mafundi wawili na mashine ya kusaga lenzi iliyopiga kelele hadi majirani wakaja kulalamika. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupika chai na kupeleka miwani iliyokamilika kwenye zahanati. Leo tuko kumi na wanne, tuna kompyuta tisa, na ndani yake vipimo vya macho vya wateja zaidi ya elfu sita. Vipimo hivyo ndiyo roho ya kazi yetu. Vikipotea, zahanati zitalazimika kuwapima watu upya, na zikishaudhika kiasi hicho zitahamia karakana nyingine bila hata kuaga.

Miaka minane iliyopita aliletwa mkufunzi wa kufundisha biashara ndogo namna ya kujiandaa na majanga na kulinda mtandao. Mimi nilikuwa sijaajiriwa, lakini waliokuwepo hawabishi kwamba walisinzia. Mama aliitwa kuleta chai tu. Akasimama mlangoni na chupa mkononi, akasikiliza neno kwa neno, chai ikapoa, wakubwa wakanung'unika.

Kesho yake akaanza kuwasumbua watu. Alibandika namba za dharura ukutani kwa mwandiko wake mwenyewe, maana alisikia kwamba kompyuta ikifa, namba zilizomo zinakufa nayo. Akadai kisanduku cha bati. Tangu hapo, kila Ijumaa nakala ya vipimo vyote inaingia kisandukuni, naye anaivusha barabara hadi duka la dawa la jirani, anaiandikisha kwenye daftari lao. Jumatatu asubuhi anaifuata. Watu walimcheka kwamba anampeleka mgonjwa asiyeumwa.

Mazoezi ya moto ndiyo usiseme. Mara ya kwanza alipiga sinia kwa mwiko, watu wakatoka mbio hadi uani, akawahesabu, mmoja hayupo. Mkurugenzi alikuwa msalani, na hakuna aliyemkumbuka isipokuwa yeye. Orodha ya kuhesabu watu sasa inaanza na jina la Mkurugenzi.

Sasa nije kwenye Jumatatu ile, miaka saba iliyopita. Kulikuwa na karani wa oda mpya, mwezi wake wa tatu, bado yuko kwenye majaribio. Mkewe alikuwa amelazwa, ujauzito unamsumbua, na kila asubuhi Mama alikuwa wa kwanza kumuuliza shemeji ameamkaje. Asubuhi hiyo karani akakuta barua pepe: malalamiko ya mteja, lenzi imepasuka, tazama picha. Asiyefanya kazi kwetu hawezi kuelewa. Lenzi kupasuka machoni mwa mtu ndilo jambo tunaloliogopa kuliko yote, na hakuna karani wa miwani atakayeiacha picha hiyo bila kuifungua. Akabonyeza. Picha haikutokea. Akashika makaratasi ya oda, akaenda zake karakana.

Mama aliporudi ofisini alikuta kwenye kioo cha kompyuta ile majina ya mafaili yanabadilika yenyewe, moja baada ya jingine, na kompyuta ya pili imeanza vilevile. Hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la mtandao akang'oa waya mkuu. Mkurugenzi, aliyekuwa katikati ya kikao cha video na zahanati kubwa, alitoka akinguruma. Fundi wa kompyuta alipokuja ndipo ilipojulikana: kirusi kilikuwa kinafunga kila faili kinaloligusa. Kompyuta mbili zilikwisha. Saba zilipona, na vilivyopotea vilirudishwa kutoka kisanduku cha bati.

Mngetegemea apigiwe makofi. Wapi! Wiki moja kabla, Mkurugenzi alikuwa ametangaza kwamba atakayefungua kiambatisho cha ajabu atakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Akawapanga wafanyakazi ukumbini, akauliza nani. Karani akafungua mdomo. Mama akatangulia. Akasema ni yeye, alikuwa anafuta vumbi kwenye meza ya karani, huenda kitambaa kilibonyeza kitufe cha Enta. Watu wakaguna. Mkurugenzi akamfokea mbele ya wote, na jioni akapewa barua ya onyo la mwisho kwa kugusa kifaa bila ruhusa na kuhatarisha kumbukumbu za wateja. Kuhusu waya alioung'oa, barua haikusema hata neno moja.

Jina la Mama Enta lilizaliwa wiki hiyo. Mwanzilishi wake ni karani yule. Kwa miaka saba amekuwa akiwasimulia wageni wa kazi kisa hicho, akiwaonya wasiache kompyuta wazi, kitambaa cha Mama kisije kikapita. Watu wanacheka mpaka machozi, na Mama naye anacheka.

Karani huyo ni mimi.

Nilijua kwamba nilifungua barua pepe ile? Nilijua. Nilijua kwamba ndiyo iliyoleta balaa? Hapo ndipo nilipojidanganya. Mama aliposema ni kitambaa, nilishusha pumzi, nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Mtu akitaka kulala hakosi mto.

Jumanne iliyopita usingizi ukaisha. Ndani ya faili lake, nyuma ya barua ya onyo, imebanwa ripoti ya fundi wa kompyuta. Ukurasa wa kwanza unasema kiambatisho kilifunguliwa kwenye meza yangu saa mbili na dakika kumi. Ukurasa wa mwisho ni nakala ya daftari la duka la dawa, iliyowekwa kuonyesha kwamba nakala ya vipimo ilikuwa salama nje ya jengo. Pale pana saini ya Mama akichukua kisanduku, saa mbili na dakika kumi, dakika ileile. Nikasoma tena. Nikatoa miwani, nikaifuta, nikasoma mara ya tatu. Wakati kiambatisho kinafunguliwa, mwanamke huyu hakuwa hata upande wetu wa barabara! Kurasa hizo mbili zimelala faili moja miaka saba, na hakuna aliyewahi kuzisoma pamoja. Nilikaa sakafuni, kati ya kabati na ndoo ya maji, mtu mzima mwenye cheo.

Na mshtuko haukuishia hapo. Chini ya ripoti ile kuna ombi lake la mwaka uliofuata, la nafasi ya mtunza stoo. Kazi hiyo alikuwa anaifanya tayari bila cheo. Pembeni pameandikwa kwa kalamu nyekundu: ana onyo, haifai. Akapewa mwingine, na aliyemfundisha huyo mwingine kazi ni Mama mwenyewe. Ndiyo maana Ijumaa hii anastaafu akiwa mhudumu, cheo kilekile alichoingia nacho.

Jumatano nilimfuata stoo, alikuwa anapanga funguo. Nilimweleza yote. Hakushtuka hata kidogo. Alisema alijua tangu ukumbini, kwa kunitazama uso tu. Alisema yeye wangemfokea, mimi wangenifukuza, halafu mtoto angezaliwa baba hana kazi na mama yuko kitandani. Kisha akaniambia, mwanangu, niache kufukua makaburi, nimwandikie maneno mazuri mafupi, watu wanywe soda waende kwao.

Nisamehe, Mama. Hili sitakutii.

Wasifu uliopitishwa na Mkurugenzi ulikuwa mwingine, wenye sinia na mwiko na vicheko. Huu nimeuchapa mwenyewe asubuhi hii, na Mkurugenzi anausoma sasa kwa mara ya kwanza pamoja nanyi. Najua alichokitangaza miaka ile, na sijasikia akikitengua. Lakini faili la mstaafu likifungwa halifunguliwi tena, na sitaki mwanamke aliyeiokoa kazi yetu sote aondoke na alama nyekundu ya kosa langu.

Mama, kwa niaba ya mafundi, makarani na kila mtu anayeona vizuri kwa sababu vipimo vyake havikupotea, ahsante. Nenda ukapumzike, uwe na afya, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na maisha yaliyobaki yakutendee mema kuliko tulivyokutendea sisi.

Mkurugenzi, faili linafungwa saa kumi. Barua ya kuomba onyo lile liondolewe kwa Mama na liandikwe kwa jina langu iko mezani kwako, nimeshaitia saini. Mimi nimekaa safu ya mbele.