Pijo Isiyo na Kelele

Karibu na kiwanda cha Sonatubes, mwaka wa 1992, palikuwa na benchi pale mteremko unapoishia, na waliokaa hapo walikuwa na kazi moja tu: kunywa kahawa na kujua kila kitu. Asubuhi hiyo Cassien, mmoja wao, alikuwa roho juu. Nsengiyumva alikuwa ameteremsha Pijo yake nyeupe hadi mbele ya benchi, polepole, bila sauti yoyote, akitaka kubadilishana na Cassien, gari kwa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa mahari ya binti yake Cassien, na ndama wa kwanza alishaahidiwa maharusi. Gari likiwa bovu, Cassien ataficha wapi uso wake? Basi akawaomba wenzake walikague, huku mkewe akienda kumleta ng'ombe.

— Mi naangalia pedali, alisema Vitesi, aliyepewa jina hilo, yaani mwendo kasi, kwa kutembea kama kinyonga. Pedali haijaisha. Hii haijatembea sana.

— Wacha pedali, sha, alisema Buji, aliyewahi kufungua injini moja na kushindwa kuifunga. Mlisikia injini ikikuja?

— Hapana, walijibu wenzake.

— Basi. Injini nzuri haisikikagi.

Cassien akashusha pumzi.

— Hii iko ya wakubwa, alisema Minisitiri, mfagiaji wa ofisi moja ya serikali kule Kacyiru. Wazungu walitengeneza bila kelele, mkubwa alale akienda mukutano.

— Na akirudi? aliuliza Cassien.

— Pia analala.

Buji akafungua tangi la mafuta, akanusa.

— Hata harufu ya esansi hakuna. Gari haina tamaa hii.

— Ikizoea, itatengeneza esansi yenyewe, alisema Vitesi. Vile ng'ombe inatengenezaga maziwa.

Hilo lilimwingia Cassien kabisa. Alishajiona akikatiza mtaa wa Kabeza, kiwiko dirishani, majirani wakimpungia.

Ndipo mkewe, Daphrose, akafika na ng'ombe. Alilitazama gari, akautazama mteremko, akauliza kwa upole:

— Sasa, ikishafika huku chini, inapandaga juu na nini?

Buji akafunika tangi. Vitesi akarudi kuchungulia pedali. Minisitiri akasema kahawa imepoa. Cassien aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaipokea kamba ya ng'ombe kutoka kwa mkewe, akaishika kwa mikono miwili.

Nsengiyumva akakohoa.

— Mzee Cassien, kama umeghairi, si neno. Lakini niazime hiyo ng'ombe. Mpaka kule juu tu.