Bi Ganda na Bomba la Maisha

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, bibi yetu Bi Ganda aliwasha kipande cha karatasi mdomoni mwa jiko la kuni, akatazama moshi unaelekea wapi. Ukipanda dohani, alisema, "Haya, tukande." Ukirudi chumbani, hakuna aliyegusa unga mpaka madirisha yote yafunguliwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alisoma mpaka darasa la tano, akatolewa shule ili amlee mdogo wake, ambaye leo amekaa hapa mbele. Mwaka 1968 aliajiriwa kwenye duka la mikate nyuma ya stesheni, na baadaye akalikodi mwenyewe. Jina la Bi Ganda alipewa na watoto wa mtaa, kwa vile aliwakatia ganda la mkate wa moto mlango wa nyuma.

Mwaka 1973 alikuja fundi wa kusafisha dohani. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Dada wa marehemu akamwuliza, "Shemeji, hiyo dohani ina nini?"

"Ina masizi."

"Masizi gani? Imeshakuwa safi kuliko sahani zetu!"

Wakafunga ndoa Desemba.

Babu aliisafisha dohani ile kila mwaka mpaka alipofariki mwaka 2011. Bomba lake la ndani, la chuma kizito, lilidumu zaidi ya miaka ishirini. Lilipochoka, baada ya Babu kufariki, mwenye nyumba ya duka akaweka bomba la bati jembamba la kukunjika.

"Hili ni bomba la maisha, mama. Halihitaji hata kusafishwa."

"Maisha ya nani?" akauliza Bi Ganda.

Mwenye nyumba akacheka. Bi Ganda hakucheka.

Familia inataka isemwe wazi, mbele ya watu wote: bati la namna ile, kwenye jiko linalowaka kutwa, bila kusafishwa, halifiki mbali. Lilitoboka mwaka wa saba. Moshi ukapenya kwenye nyufa za matofali, ukajaa chumba cha kukandia. Alipolalamika, aliambiwa anachoma kuni mbichi. Kuni mbichi! Kuni za Bi Ganda zilikuwa kavu, ukizigonganisha zinalia. Kifua kikaanza kumbana. Hospitalini, daktari akamwuliza, "Mama, unavuta sigara?"

"Navuta ya mwenye nyumba, mwanangu. Ameijengea ukutani."

Salamu za rambirambi za mwenye nyumba zinasema bibi amechukuliwa na uzee. Hapana. Mama mzazi wa Bi Ganda aliishi miaka tisini na nne.

Marehemu ameacha mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu sita, mdogo wake, na waokaji wawili ambao wiki ijayo wanatakiwa kuwasha jiko lilelile, chini ya bomba lilelile.

Jumanne tarehe 14 Mei 2024, kipande cha bati kilidondoka jikoni, kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa kama chekeche. Bi Ganda alikifunga kwenye aproni.

"Leo mwenye nyumba atakishika kwa mkono wake."

"Mama, pumzika kwanza," binti yake mkubwa akamsihi.

"Nitapumzika akishakishika."

Akatoka mlango wa mbele, akaanguka kabla hajafika kwa mwenye nyumba, na dukani hakurudi tena.

Pumzika, Bibi. Kile kipande tutakipeleka sisi.