Adolf Lyamba na Ndege wa Milima ya Karema

Marehemu Adolf Enoka Lyamba, ambaye tumekusanyika leo kumsindikiza, alizaliwa tarehe 6 Juni 1937 huko Inyonga, mtoto wa tatu wa Mzee Enoka Lyamba, mrina asali, na Mama Odeta. Katika nyumba ile mtoto alijifunza kutega sikio kabla ya kujifunza kusoma. Baba yake alimfuata mlembe, yule ndege mdogo anayemwita mtu porini na kumfikisha penye nyuki, na kila aliporina alimwachia ndege kipande cha sega. Adolf alishika desturi hiyo maisha yake yote.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1947 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1951. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulisifiwa. Mwandiko huohuo ulimponza siku alipoandika insha nzuri mno kuhusu Ziwa Tanganyika, ilhali hajawahi kuliona. Mwalimu alimchapa, naye alisimulia kisa hicho akicheka mpaka uzeeni.

Mwaka 1958 aliajiriwa Mpanda kama msaidizi wa bwana misitu. Mwaka 1969 alihamishiwa Karema, mji wa kale wa misheni kando ya ziwa, akapewa kuangalia misitu ya milimani, kule juu kwenye baridi. Huko Karema alimpata Kalista, wakafunga ndoa kanisani tarehe 26 Septemba 1970. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Alistaafu mwaka 1990. Wenzake walipumzika, yeye alinunua daftari gumu na kuanza kuwapandisha wageni mlimani kutazama ndege. Walimu walikuja, mapadri walikuja, hata wageni wa mbali wenye darubini zao. Majirani walimtania kwamba mtu mzima anapanda mlima siku nzima kumtafuta ndege, akimpata hamli. Mwaka 1992, akiwa na wageni wanne, mlembe alimwita njiani. Adolf aliacha njia akamfuata, wageni nyuma yake wakidhani wanapelekwa kwa ndege adimu. Walifikishwa kwenye mti wenye nyuki, wakaumwa wote wanne. Alipolaumiwa alijibu kwamba mlembe akikuita huwezi kumpa kisogo, kwani siku nyingine hatakuita tena. Walirudi Karema na nyuso zilizovimba na asali ya kutosha.

Lakini kuna jambo halikumchekesha. Agosti 1994, akiwa na Mwalimu Séverine wa Mpanda, alisikia kileleni sauti ya ndege ambaye wageni wengi walimtafuta, mwenye mgongo wa kijani na tumbo jekundu. Kwa furaha aliandika daftarini, “Ameonekana.” Mwalimu alimwamini, naye akanakili. Habari zikaenea, watu wakasafiri kutoka mbali, wakapanda, wakashuka bila kumwona. Kila waliposhuka mikono mitupu, Adolf alikosa raha siku kadhaa, na ni mkewe peke yake aliyejua sababu.

Mwaka 1997 alianza kuugua moyo, na macho yake yakaingia ukungu. Daktari alimkataza kupanda milima, nao wakahamia Mpanda, karibu na hospitali. Mvua za El Nino zilipokwisha na barabara kupitika, alimwambia mkewe, “Mama Evarist, nimeandika nimemwona. Sijamwona. Mkinizika hivi, mtanizika na uongo.”

Mama alikataa siku mbili. Siku ya tatu alimfungia chakula.

Julai 1998 alipanda na mwanawe Evarist pamoja na Mwalimu Séverine. Njia aliyozoea kuimaliza kwa siku moja ilimchukua siku tatu. Alipumzika kila hatua ishirini, na kila aliposhauriwa kurudi aliinuka akatangulia mbele. Kileleni, asubuhi, sauti ilisikika. Evarist alinong'ona, “Baba, yule pale, tawi la chini.” Mwalimu naye alimwona waziwazi, tumbo jekundu, ametulia. Adolf aliinua darubini, akatazama kwa muda mrefu. Aliona ukungu mtupu.

Mwalimu alimwambia, “Mzee, sisi wawili tumemwona. Liache neno lako, sasa limekuwa kweli.”

“Ni kweli kwenu nyie,” alijibu. “Andikeni kwenye daftari zenu.”

Alitoa kalamu, akakata neno lile, akaandika juu yake, “Amesikika.” Evarist alilia, lakini baba yake alikuwa na njaa, akaomba chakula cha mama.

Alifariki nyumbani Mpanda, Alhamisi tarehe 11 Februari 1999, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, Kalista, watoto Evarist, Dorika na Alois, wajukuu wanne, na dada yake mmoja, Kassiani, aliyesafiri kutoka Inyonga kuja kumzika. Tunaumia, wala hatufichi.

Wiki moja kabla aliagiza kwamba, siku hii ikifika, neno moja lisemwe mbele ya watu wote, hasa waliopanda mlima kwa sababu ya daftari lake. Tunalisema. Mzee Adolf Lyamba hakumwona ndege yule. Alimsikia tu.

Sasa na apumzike kwa amani, maana hana tena la kusahihisha.