Kata Kidogo Tu

Ukitaka ushauri ambao hukuuomba, nenda kakae kwenye benchi lililo mbele ya studio ya Lenzi, mpiga picha. Mguu mmoja wa benchi umefungwa waya, na ukutani nyuma yake pamebandikwa picha za pasipoti za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Mama Kahawa huweka jiko lake upande wa kivuli. Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamgomea, hushinda hapo kutwa akitawala mazungumzo. Siku hiyo mwenye shida alikuwa Soli, fundi viatu wa kibanda cha pili. Alitaka picha kubwa ya bonde la kwao, ya kutundika mbele ya kitanda cha mama yake.

Bonde lenyewe halipo tena. Limejengwa bwawa, maji yamefunika kila kitu, na watu wa kule wametawanyika. Mama yake Soli, ambaye sasa hata majina ya wajukuu yanamponyoka, kila asubuhi hufunga nguo zake kwenye furushi na kuuliza gari la kwenda nyumbani linapita saa ngapi. Soli alikuwa amechoka kumdanganya. Bahati nzuri Lenzi alikwenda kulipiga picha bonde kabla maji hayajafika, na picha hiyo alikuwa nayo kwenye kompyuta, moja tu.

Akatoka nayo, akaiweka kompyuta mapajani, watu wakasogea. Vyote vilikuwemo: kilima, nyumba ya bati, ng'ombe, shamba, kisima, njia, nguzo ya umeme. Na mlangoni, ameegemea ukuta utafikiri ni wake peke yake, alisimama kaka mkubwa wa Soli.

— Huyo mtoe, Soli akasema.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kijiwe kizima kilijua jinsi kaka alivyomleta mama na begi moja, akamshusha mlangoni kwa mdogo wake, akaondoka bila kunywa hata maji. Tangu hapo simu hapokei. Na mama, akipelekewa uji na Soli, humshukuru kwa jina la yule yule kaka. Jambo hilo lilimuuma Soli kuliko matusi.

— Nikimfuta nitachafua picha, Lenzi akasema. Ila naweza kukata. Nikikata hapa, anaondoka na mlango.

— Kata.

— Itabaki nusu nyumba. Nusu nyumba ni ovyo, jicho linakwama pale pale. Afadhali itoke yote.

Soli akasita. Lenzi akamweleza, kwa ile sauti yake ya kufundisha, kwamba picha ya mandhari si gunia la kujaza kila ulichokiona. Unaigawa mafungu matatu, upeo wa macho hauupitishi katikati, na kisichokuwa na kazi unakitoa. Soli akamtupia jicho tena yule bwana wa mlangoni. Akasema sawa.

Basi kijiwe kikapata kazi. Breki akataka kompyuta isogezwe karibu na pua yake, akakagua, akakunja uso.

— Hawa ng'ombe wametugeuzia makalio. Mgonjwa aamke asubuhi akutane na makalio? Hiyo ni dharau.

Ng'ombe wakatoka. Mama Kahawa naye akachungulia huku akimimina, akaona njia inaelekea nje ya picha. Njia ya namna hiyo, alisema, inatoa baraka za nyumba. Yeye aliwahi kutundika picha yenye njia kama ile, na mume wake akaifuata mpaka leo. Lenzi badala ya kucheka akakubali, akasema njia inatakiwa iliingize jicho ndani, siyo ilitoe. Ikakatwa, ikaondoka na kisima kilichokuwa kando yake. Hapo Breki akawa amepanda gia. Nguzo ya umeme inavuta radi hata ikiwa kwenye karatasi, akasema, na mtu aliyekula chumvi nyingi anatakiwa atazame mbali, kwa hiyo ardhi ipunguzwe, anga lipumue.

Mwanzoni Soli aliguna kila kitu kilipotoka. Baadaye akawa anasema kata kabla hajaulizwa. Tuseme ukweli, alianza kuona raha. Kila kipande kilichoondoka, kaka yake alikuwa amekilima, amekichunga au amekijenga, na kukiona kikipotea kulimpoza roho.

— Kidogo tu hapo chini, akasema. Hilo shamba lilikuwa lake.

Lenzi akakata, akahifadhi, akaingia ndani kuchapisha. Aliporudi alikuwa na karatasi pana: kilima cha kijani na anga kubwa lenye wingu moja pembeni. Wakaisifu wote. Breki akasema hata ofisi za wakubwa zingeitundika.

Ndipo mke wa Soli alipotokea amemshika mama mkwe mkono, wametoka kliniki. Bibi huyo hakuwahi kufika kijiweni. Wakampisha benchini. Soli akafuta mikono kwenye aproni, akamwekea picha mapajani.

— Mama, nimekuletea nyumbani.

Mama akaitazama sana. Akapitisha kidole ukingoni, chini kabisa, kama anayetafuta sindano iliyomwangukia. Kisha akamwangalia mwanawe kwa adabu ya mgeni.

— Pazuri, akasema. Hapa ni kwa nani?

Soli akamgeukia Lenzi, akamwambia arudishe ile ya kwanza, yote, na yule bwana wa mlangoni awemo. Lenzi akafungua kompyuta. Akabonyeza, akabonyeza tena, jasho likamtoka shingoni. Mashine ilikuwa imemuuliza kama aweke picha mpya badala ya ile ya zamani, naye alibonyeza ndiyo bila kusoma, huku Breki akimpigia kelele za anga.

— Nilihifadhi juu yake, akasema. Ile haipo.

Breki akainamia kikombe chake. Mama Kahawa akachochea makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu. Mama alikuwa bado ameishika picha kwa mikono miwili, kwa uangalifu, asije akaharibu mali ya watu.

— Nakuuliza, baba, akamwambia Soli. Hapa ni kwa nani?