Mikono Iliyotulia Pichani

Sikilizeni wanangu, na asiyetaka kusogea abaki hapo hapo alipo, sauti yangu bado inafika mlangoni. Wewe mama, binti yangu wa kwanza, kaa kwenye hiyo stuli. Wewe baba, mdogo wake wa kiume, naona umeshachagua dirisha, basi egemea tu. Mama yenu yuko hapa kitandani ananishikia kikombe. Msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima, na mwenyewe ameshaanza kupiga hodi.

Nimekereza mbao tangu sijaota ndevu. Nimekereza miguu ya vitanda na ya meza, mabakuli, michi, na nguzo za ngazi katika majumba ya watu ambao hawakunikaribisha ndani hata siku moja. Mashine ile ya kukerezea, inayozungusha mti nami nikiuchonga kwa patasi, ndiyo iliyowasomesha, ndiyo iliyosimamisha kuta hizi. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzoni tulicheka, mama yenu akawa ananimiminia chai nusu kikombe, akisema nusu nyingine ameiokoa isiende sakafuni. Baadaye kicheko kikakatika, maana patasi si kikombe.

Hapo ndipo ulipokuja wewe mama na kamera yako. Ulikuwa ukipiga picha za harusi za watu, ukasema unaitaka mikono ya baba yako ikiwa kazini kabla haijaharibika kabisa. Niliona haya, nikakataa, ukasisitiza, nikajisemea mtoto akililia wembe mpe. Nikakupa, nisijue wembe utamkata nani. Ukashinda nami karakanani, vumbi la mbao limekujaa nyweleni, unangoja mwanga uingie vizuri. Nami, ili patasi isinitoroke, nilibana kiwiko mbavuni, nikakandamiza kidole gumba juu ya chuma, nikaishikilia kama mtu anayezama anavyoshikilia kamba. Zile picha zilipotoka, wanangu! Mikono imetulia tuli, maranda yanaruka juu kama utepe, kila mshipa unaonekana. Kamera haijui kutetemeka. Inadaka nukta moja tu, na kwa nukta moja kila mkono umetulia, hata wa mgonjwa. Nikaziangalia nikajiona mzima. Nilifurahi siku ile, na sitaki mtu aninyang'anye furaha ile hata leo.

Ukazitundika kwenye maonyesho mjini, watu wakaanza kuja wakiulizia mabakuli ya mzee mwenye mikono ile. Mimi nimelazwa hospitali, kifua kimejaa vumbi la miaka yote. Na wewe baba, ambaye kazi yako ilikuwa kupiga msasa na vanishi, hukutaka wateja warudi mikono mitupu. Ulitaka nitoke wodini nikute karakana ina uhai. Hayo ni mapenzi, mwanangu, na mpaka leo sijawahi kukuambia. Ukabandika picha ukutani juu ya mashine, ukaweka kiwiko kilipo kiwiko changu, gumba lilipo gumba langu. Ulijifunza vizuri kabisa, ila ulichojifunza ni ugonjwa. Patasi hushikwa kama unavyomshika mtoto anayeanza kutembea, unamwachia aende huku mkono uko karibu. Ukiibana, inauma mti. Hukuniuliza, kwa sababu hukutaka kumsumbua mgonjwa. Ikauma, bakuli likapasuka likiwa kwenye kasi, kipande kikaja usoni. Nami nikasukumwa kwa kiti cha magurudumu kutoka wodi yangu hadi yako, nikakukuta una jicho moja.

Tangu hapo nyumba hii haina salamu. Mmoja anasema dada alijua mikono ile ni migonjwa akaionyesha dunia kama mizima. Mwingine anasema hakumtuma mtu kuigiza picha. Nimeyapima maneno yenu usiku na mchana nikaona kila mmoja ana haki yake, na huo ndio ubaya wenyewe, maana ugomvi wa mwenye haki na mwenye makosa una mwisho, lakini wa wenye haki wawili hauna. Nilimwita kila mmoja peke yake. Wewe mama ukaniambia, "Baba, nikimtazama naona kazi yangu. Kamera nimeshaiuza." Wewe baba ukaniambia, "Simchukii. Ila akiingia chumbani, mimi natoka." Walisema wahenga, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nimelima mpaka jembe limeisha makali, na kapu liko tupu. La kuvunda halina ubani. Kwa hiyo sitawausia mpatane, nisije nikaondoka na uongo mdomoni.

Shikeni haya. Vyumba vya mbele ni vyako mama. Karakana na chumba cha nyuma ni vyako baba. Mlango wa katikati uzibwe kwa matofali, mwashi nimeshaongea naye. Mama yenu alale anapotaka, na asiulizwe jana alikula kwa nani. Mashine, mwiteni mtu wa vyuma chakavu aje aichukue, na msibishane naye bei. Kazi ile inaishia kwangu. Picha msizichome, wala msizitundike. Zifungwe kwenye shuka, ziwe juu ya kabati la mama yenu, maana yeye ndiye aliyeijua mikono ile ikiwa mizima, na hakuhitaji picha.

Nipe maji, mke wangu... kidogo tu. Basi.

Mkinizika, mmoja asimame kichwani, mwingine miguuni. Kaburi ni refu la kutosha. Watu wakiuliza, waambieni ndivyo nilivyotaka.

Mungu akulinde wewe mama, akupe kazi nyingine ya kuipenda. Mungu akulinde wewe baba, jicho lililobaki lisipate... lisipate hata kibanzi. Nimekuombea wewe, na wewe. Nilitaka niwaombee pamoja, niseme ninyi, ulimi... ulimi umekataa.

Sasa nendeni, nipumzike. Atangulie mmoja. Yeyote. Na mwingine... angoje mpaka asikie mlango umefungwa.