Protus Wafula Simiyu na Bastola ya Kushoto

Ndugu, majirani na wote mliofika hapa Chwele leo, Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023, familia imeomba isomwe safari ya marehemu Protus Wafula Simiyu, mwana wa tatu wa mzee Elkanah Simiyu na mama Jerioth, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1974, ingawa kitambulisho chake kinasema 1975, kosa lililomkera hadi akalipeleka ofisini mara nne bila mafanikio.

Alianza Shule ya Msingi ya Chwele mwaka 1982, akamaliza kidato cha nne mwaka 1993, kisha akajifunza kuchomelea vyuma mjini Kitale, ambako alitengeneza mageti kwa miaka kumi na minane, na wateja wote walijua kwamba geti la Protus huchelewa, lakini milango yake miwili hukutana katikati bila kuacha upenyo wa kupitisha wembe. Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na Nekesa, wakajaliwa Maryann mwaka 2001 na Alvin mwaka 2006.

Tarehe 17 Februari 2014 aliondoka kwenda Riyadh, ikama yake, yaani kibali cha kuishi huko, ikisema ni fundi wa madirisha ya alumini, akakaa mtaa wa Shumaisi. Mwaka 2018, sinema na maonyesho yaliporuhusiwa nchini humo, kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, aliacha madirisha akaingia katika vifaa vya maonyesho, na mwaka uliofuata ikaja oda ya jozi ya bastola za kale za Kiskoti, zile za gumegume, jiwe la kutoa cheche, zilizoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, chuma tupu kutoka mwanzo hadi kitako, na kitako chenyewe kimejikunja kama pembe za kondoo dume. Za asili hazikupatikana, hivyo Protus alipewa picha, akakata, akapiga tupa na kutia nakshi kwa miezi mitano, tundu la kupitishia moto akiliacha bila kutobolewa ili zisiweze kufyatuka kamwe, maana mzee Elkanah, ambaye nduguye aliuawa kwa gobore, alimpa sharti hilo kwa simu.

Sasa, picha ya bastola ya pili ilionyesha mtambo wa gumegume ukiwa upande wa kushoto, na Protus akaamini kwamba mpiga chapa ameigeuza, akaisahihisha, akatengeneza zote mbili za kulia, zikapelekwa Jeddah na kufungiwa katika kabati la kioo la maonyesho. Wiki tatu baadaye aliona mchoro wa Mskoti aliyechomeka jozi kama ile mkandani, moja kila upande, mtambo wa kila moja ukitazama nje, akaelewa kwamba picha ilikuwa sahihi na aliyekosea ni yeye, mtu aliyeunganisha milango ya kushoto na ya kulia maisha yake yote. Kafili, ambaye herufi p ilimshinda, alimwambia, “Halas, Brotus, mafi mushkila, basi, hakuna tatizo, nani ataona?” lakini tangu siku hiyo marehemu hakutulia.

Machi 2021, sheria ilipowaruhusu wafanyakazi kubadili mwajiri bila idhini ya kafili, wenzake walihamia kwenye mishahara mikubwa, yeye akahamia Jeddah kwenye mshahara mdogo, akapanga chumba Bani Malik pamoja na Nahashon, ambaye yuko hapa nasi. Alikuwa ameahidi kuja nyumbani Desemba hiyo, Nekesa akapaka nyumba rangi, naye hakuja, wala hakuja Desemba iliyofuata, na maneno yakaanza, hata ndani ya familia hii, kwamba ana mke Jeddah, na tuliosema hivyo tumeketi hapa. Nekesa alimpigia akamwambia, “Baba Maryann, nitajie tu jina lake,” akatumiwa picha ya kipande cha chuma kilichopigwa tupa nusu. “Huyu ndiye mke?” “Ndiye huyo, amebakiza upande wa kushoto.” Nekesa alicheka, kisha hakuzungumza naye kwa siku tisa.

Aliomba abadilishiwe bastola moja kwa ya kushoto, msimamizi wa maonyesho akamkatalia mara mbili, mara ya tatu akakubali kwa barua, na kila Ijumaa marehemu alikuwa karakanani. Juni 2023 figo zake zilianza kushindwa, daktari akamshauri arudi nyumbani, tiketi ikakatwa ya tarehe 24 Agosti, naye akaiahirisha, jambo ambalo familia haitaficha kwamba liliiuma. Jumanne tarehe 3 Oktoba alisimama mbele ya kabati likifunguliwa, bastola moja ya kulia ikatolewa, ya kushoto ikaingia, na jioni hiyo akakata tiketi ya tarehe 26. Alifariki hospitalini Jeddah Jumamosi tarehe 21 Oktoba, saa kumi na dakika ishirini alfajiri.

Nahashon alisafiri na mwili, akaleta picha ya jozi ile ndani ya kioo, na Nekesa ameomba isomwe kwamba ameitundika kwenye ukuta aliopaka rangi, na kwamba hasira bado anayo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa karakana za Riyadh na Jeddah waliochangia safari hii, na majirani waliokesha nasi tangu habari zilipofika.

Kila alipoambiwa apumzike, Protus alijibu, “Nikimaliza upande huu.” Ndugu yetu, pande zote mbili zimekutana. Sasa pumzika, kwa amani.