Fundi Kavetsa na Gitaa la Baba Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Roselida Kavetsa, fundi wa magitaa wa Kawangware, aliyetuaga Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Nimesema fundi. Wanamuziki wetu waheshimiwa walikuwa wakifika kwenye kibanda chake nyuma ya soko, wanamtazama, halafu wanauliza, "Mzee yuko?" Mzee hakuwako. Hakuwahi kuwako. Alikuwako Kavetsa, na kisu chake, na gundi yake ndani ya kopo la maziwa.

Baba yake alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wazungu kule Lavington. Wenye nyumba walipohama nchi walimwachia gitaa moja, na alipokufa gitaa likawa la Kavetsa. Shikeni jambo hilo, kwa sababu tutalirudia. Gitaa la baba, la nyuzi za nailoni.

Sasa, wako watu mjini hapa wenye bendi, wenye miwani myeusi na kadi za kugawa, na hawajui gitaa ni nini. Kwa faida yao nitaeleza kama alivyoeleza marehemu, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

Gitaa la nailoni lina shingo pana, na kichwa chake kimetobolewa matundu mawili marefu. Kifua chake ni chembamba. Sauti yake ni ya sebuleni. Gitaa la waya limetiwa nguvu kifuani kwa ndani, maana nyuzi za chuma zinavuta sana. La umeme halina tumbo kabisa. Ni ubao tu, na bila amplifaya halimsumbui hata jirani. Bezi huwa na nyuzi nne, na kwa kawaida hupewa yule ambaye bendi haimuulizi maoni. Halafu kuna lile la debe la mafuta na waya wa breki ya baiskeli, ambalo wengi wetu tulianzia. Hilo Kavetsa aliliheshimu. "Hilo halijidai," alikuwa akisema.

Na ukifunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, kile kibao kinachoshika nyuzi pale kifuani kitang'oka. Narudia, kitang'oka. Mtoto wa shule anaelewa.

Osewe hakuelewa. Osewe ni kiongozi wa bendi moja ya Kibera, upande wa Olympic. Anajiita Kapteni, ingawa hajawahi kuongoza hata mkokoteni. Mwaka wa tisini na mbili alikuja kuazima gitaa la Kavetsa ili arekodi nalo. Kavetsa alimpa kwa sharti moja tu, kwamba asiguse nyuzi.

Lilirudi baada ya wiki mbili, ndani ya gunia. Kapteni alikuwa ameona nailoni haina nguvu, akafunga waya. Kibao kilikuwa kimeng'oka na kipande cha kifua. Binti wa marehemu, Christine, alikuwa na miaka kumi na minane, na alikuwa amesimama pale pale.

"Alisema, 'Mama Christine, hii gitaa yako ilikuwa imeoza,'" Christine ametuambia. "Halafu akaenda zake. Mama alikaa na ile gunia kwa mapaja. Hakulia. Aliniuliza tu, 'Imeoza?'"

Miezi tisa Kavetsa alilibandika, akalisugua, akalibandika tena. Lililia, lakini lilibaki na mkwaruzo, kama mtu mwenye kikohozi kisichopona. Sauti ile aliyoisikia utotoni, baba akipiga baada ya kuosha sufuria za watu, haikurudi. Hakutaka fidia kwa Osewe. Alitaka atamke maneno matatu: ni mimi niliharibu.

Miaka minne ikapita. Mwaka wa tisini na sita, gitaa la umeme la Kapteni likazima ghafla, siku moja kabla ya shoo yake kubwa hotelini. Mafundi wa mjini walikuwa wamefunga. Basi akavuka Ngong Road na bendi nzima nyuma yake, akiwemo Farouk wa Makina, mpiga ngoma wake wa zamani. Farouk ndiye aliyetusimulia.

Kavetsa alilipokea gitaa, akaligeuza, akaliweka mezani.

"Kapteni," akasema, "kwanza nifunze. Gitaa ziko aina gani?"

Osewe akacheka. "Mama Christine, si unajua tuko na haraka."

"Mimi siko."

Ikabidi ataje, mbele ya vijana wake, kama mtoto wa nasari. La umeme. Bezi. La waya.

"Na ile ingine?"

"Nailoni."

"Ukiiweka waya?"

"Inang'oka."

"Ya baba yangu nani aliiweka?"

Farouk anasema, "Wallahi, sisi wote tulikuwa tunaangalia viatu. Ilikuwa arudishe maneno matatu tu, tuende. Yeye akasema, 'Hiyo ni story ya kitambo.'"

Kavetsa alimrudishia gitaa lake. Kesho yake Kapteni alipanda jukwaani na gitaa bubu, vidole vikikimbia shingoni, huku kinanda kikipiga kila kitu. Alipigiwa makofi sana, na hapo mnaweza kupima akili ya waliolipa kiingilio.

Christine alimuuliza mama yake gitaa lile lilikuwa na ugonjwa gani.

"Waya moja imeachia pale kwa kuchomeka kebo," Kavetsa akajibu. "Kazi ya dakika mbili."

Wasikilizaji wapendwa, mbele yangu kuna barua ya Kapteni Osewe. Anaomboleza "mwalimu wake mpendwa". Anataka tutangaze kwamba bendi yake itatumbuiza mazishini. Nimetangaza. Na jibu la Christine ni hili: "Aje. Lakini gitaa yake aiache Nairobi. Ile ya babu itakuwa kwa kiti, karibu na jeneza. Asimame mbele yake aseme yale maneno, halafu apewe chakula kama watu wengine."

Kwa Christine na jamaa wote, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nasi wengine tujiulize ni nini cha mtu tulichokirudisha ndani ya gunia, tukasema kilikuwa kimeoza. Na kama nyumbani una gitaa lenye matundu mawili kichwani, na limefungwa waya, lilegeze leo.

Nawe Kapteni, najua redio yako iko wazi, maana ulikuwa unangoja nisome jina lako. Nimelisoma. Mazishi ni Vihiga, Jumamosi, saa nne asubuhi. Kiti kitakuwa upande wa kulia. Christine atakuwa amesimama nyuma yake, na hatakuuliza swali.